Michoro ya Kolo, Kondoa: gari dogo halifiki, na saa mbili hazitoshi

Nimefika Kolo mara tatu kuona michoro ya kale ya miambani, na kwa anayeniuliza hapa Dodoma jibu langu ni moja: nenda, ila usiende kwa kupita njia.

Kijiji kipo kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, kilomita 25 hivi baada ya Kondoa mjini. Ni lami tupu, na mabasi ya Babati na Arusha hukushusha hapohapo. Ofisi ya Mambo ya Kale ipo kijijini pamoja na makumbusho ndogo. Unajiandikisha, unalipia, unapewa mwongozaji. Anza na makumbusho kabla ya kupanda, maana ukishaona mlimani hutakuwa na hamu ya kurudi kusoma. Na mwongozaji usimkwepe. Michoro mingi imefifia kiasi kwamba unaweza kusimama mbele yake ukaona jiwe tu.

Mongomi wa Kolo, sehemu ya michoro yenye sifa kuliko zote, ipo kama kilomita 9 kutoka kijijini. Njia ina mchanga, makorongo na mawe. Gari dogo hukwama kwenye mchanga, au hugonga tumbo kwenye mawe. Chukua gari la juu linalovuta magurudumu yote. Kuanzia Desemba hadi Aprili uliza hali ya njia kabla ya kuondoka. Mwisho unashuka na kupanda kwa miguu, mlima mkali. Viatu vyenye meno, lita mbili za maji kwa kila mtu.

Ukifika, kaa. Yape macho dakika 15 mbele ya mwamba mmoja. Kwanza utaona twiga na pofu (swala mkubwa), kisha watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya nywele au mapambo, kwa mistari myembamba mno. Rangi hiyo nyekundu ni udongo wenye chuma, umeshika ndani ya vitundu vya mwamba, ndiyo maana umedumu. Michoro myeupe ni ya baadaye. Imepakwa nene, mingi kwa kidole. Angalia penye rangi mbili kukutana: nyeupe iko juu ya nyekundu. Hapo ndipo napapenda kuliko pote, kwa sababu unasoma nani alitangulia bila kuambiwa.

Jua kali likipiga mwamba moja kwa moja, wekundu hafifu unapotea; kivuli au mawingu ni bora. Zima flashi. Nyumbani pitisha picha kwenye programu ya DStretch, utaona wanyama ambao jicho halikuwaona.

Kuna wageni wanaomwagia maji mwambani ili rangi ing'ae. Tafadhali, usifanye hivyo, na ukiona mtu anafanya mzuie. Maji yanapenya, na yakikauka yanavuta chumvi hadi juu, inabaki kama ukungu mweupe uliofunika mchoro. Kugusa nako ni vilevile: mafuta ya vidole hunasa vumbi. Wanaochimba chini ya miamba wakitafuta mali wanayoamini ilifichwa na Wajerumani wanaharibu tabaka za udongo zenye mkaa na zana za mawe, vitu ambavyo watafiti wanavihitaji kupata umri wa eneo.

UNESCO iliiandika Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, miamba zaidi ya 150 katika kilomita za mraba 2,336. Lakini Mongomi si makumbusho iliyofungwa. Warangi bado wanakwenda kuomba mvua na uponyaji, na pombe ya tambiko hunyunyizwa mwambani. Wahifadhi wanaihofia pombe hiyo, na hofu yao ina msingi. Hata hivyo, mimi sioni haki ya kuwazuia watu walioulinda mlima huu kwa kuuheshimu. Ukikuta wazee, subiri chini, usipige picha mpaka mwongozaji akuombee ruhusa.

Jihadhari na safari za siku moja kutoka Dodoma. Kampuni moja ilituuzia “Kolo yote”; tuliondoka saa tatu asubuhi, na kwa kilomita 180 hivi tulianza kupanda jua la utosi, tukaona miamba miwili tu. Lala Kondoa mjini, uwe ofisini mapema asubuhi. Siku ya kwanza iwe ya Mongomi na miamba ya jirani. Pahi au Fenga, penye michoro mingine, iachie siku ya pili, na umwambie mwongozaji jioni ya kwanza ili mpatane gari na mafuta.