Grupu la WhatsApp au orodha ya matangazo?

Mwenye duka la vitenge Arua, Uganda, mzigo mpya ukifika, ana njia mbili za kuwaarifu wateja. Grupu linachangamka: mmoja akisifu kitambaa, wengine wanauliza bei. Lakini kila aliyemo anaona namba za wenzake, hata ukizuia wasiandike. Tapeli wa pesa za simu akiingia, amepata namba zote, na anajua wanakonunua. Tangu 2019 Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, ambayo kwa kawaida inataka ridhaa ya mwenye taarifa. Kumtia mama wa watu kwenye grupu bila kumuuliza ni utovu wa adabu, sheria iwepo isiwepo.

Orodha hupeleka ujumbe kwa kila mtu peke yake, mwisho watu 256, na majibu yanarudi kwako tu. Kasoro: ambaye hajahifadhi namba yako hapati kitu. Mimi ningechukua hii (ila usitume usiku wa manane!).

Kwa vyovyote, sasisha programu na uweke PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili (namba ya siri inayoulizwa mtu akijaribu kusajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine). Simu zenye Android ya chini ya toleo la 5.0 ziliachwa na WhatsApp mwaka 2023.