Ukatili wa ghafla: McEwan au McCarthy?

Saturday ya Ian McEwan na No Country for Old Men ya Cormac McCarthy ni riwaya zilizotoka mwaka 2005, na zote zinamkuta mtu katika shughuli zake za kila siku na kumweka mbele ya kifo. Katika Saturday, daktari wa upasuaji wa ubongo anagongana magari na kijana Baxter jijini London. Jioni Baxter anamvamia nyumbani na kisu. Lakini Baxter ana ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo na kubadili tabia, na daktari ameshaugundua. Ukatili umepata sababu.

Katika No Country for Old Men, Cormac McCarthy hatupi sababu yoyote. Mwenye kituo cha mafuta huko Texas anauliza tu habari za mvua. Muuaji Anton Chigurh anakerwa, anarusha sarafu ya mwaka 1958 na kumlazimisha achague upande. Mzee wa watu hajui hata dau ni nini. Anapatia, anabaki hai, wala damu haimwagiki, lakini msomaji jasho linamtoka.

Mimi namchagua McCarthy. McEwan anafariji mno, ilhali anayepatwa na balaa la namna hii huuliza "kwa nini mimi?" asijibiwe. Ila ukitaka hofu ya familia nzima sebuleni, mama kawekewa kisu shingoni na baba hajui aanzie wapi, msome McEwan.