Pioneer SX-780: risiva ya 1978 ninayoitumia kila siku, na vitu vya kuangalia kabla hujatoa hela

Wadau, naulizwa sana mtu akitaka kuingia kwenye hizi risiva za zamani aanze na ipi, na huwa najibu juu juu tu, sasa leo acha niiseme vizuri hii ninayoitumia mwenyewe, Pioneer SX-780. Jibu la haraka: nunua, ila hela uliyonayo igawe mara mbili, nusu ya kununulia na nusu ya fundi. Kama hiyo ya fundi huna basi tulia kwanza, jichange, ndo urudi sokoni.

Kwa asiyejua, risiva ni redio na amplifaya ndani ya boksi moja, unachomeka spika mbili na eriali basi muziki unaanza. SX-780 ilitoka 1978, kipindi makampuni ya Japani yanagombania nani ana wati nyingi, Pioneer haohao mwaka huo walikuwa na SX-1980 ya wati 270 kila upande. Hii yetu ni ya katikati, wati 45 kila upande kwenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Najua aliyezoea sabufa zilizoandikwa maelfu ya wati PMPO kwenye boksi ataona 45 ni kichekesho, ila namba ya PMPO haina kanuni yoyote, mtu anaandika anachotaka. Marekani mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka sheria kwamba ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani useme ni wati za mfululizo, chaneli zote mbili zikiwa zinafanya kazi, na useme na sauti inaharibika kwa asilimia ngapi, kwahiyo risiva zilizouzwa kule baada ya hapo ukikuta imeandikwa 45 jua ni 45 kweli. Na sebuleni ukisikiliza kistaarabu huku mnaongea unatumia kama wati moja, mara nyingi hata haifiki. Hii Pioneer ina mita mbili za wati pale mbele, utaona mwenyewe sindano zimelala kushoto zinatikisika kidogo tu na chumba kimejaa muziki.

Sasa sauti. Mimi nasikiliza sana dansi la miaka ya 70 na taarab ya zamani, na hapo ndo hii kitu ilinikamata. Kwenye sabufa za siku hizi besi inafunika kila kitu, unasikia mdundo tu, kwenye hii Pioneer gitaa la besi linatembea na njia yake, unaweza kulifuata peke yake toka mwanzo hadi mwisho, halafu gitaa la rhythm na solo kila moja kwenye upande wake, tarumbeta zikiingia haziumizi masikio. Taarab ndo usiseme, ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na fidla zinaachana vizuri na sauti ya muimbaji inakaa katikati ya spika mbili mpaka unageuza shingo kuangalia pale. Usiku watoto wamelala nikiweka sauti ya chini kabisa nabonyeza Loudness, inarudisha besi na treble ambazo sikio huwa linazipoteza sauti ikiwa ndogo. Mchana kwa sauti kubwa izime, vinginevyo besi inazidi.

Yangu nimeipata Dar, kwenye mtumba wa vyombo vya elektroniki, vile vinavyokuja na makontena kutoka Ulaya pamoja na friji na mashine za kufulia. Nilitoa laki tatu na nusu baada ya kubishana sana na muuzaji, kaka mmoja mwelewa tu aliyekubali niifungue kifuniko palepale. Hilo ndo la kwanza nakushauri, muuzaji akikataa usifungue kifuniko achana nayo hata iwe inang'aa vipi. Nilivyofungua nilikuta vumbi la kufa mtu, mayai ya mende pembeni ya transfoma, na fyuzi moja imezungushiwa waya wa shaba, yaani kuna fundi huko nyuma fyuzi ilikatika akaona afunge waya aende zake. Ukikuta hivyo usikimbie moja kwa moja lakini usiichomeke kwenye umeme pia, maana ile fyuzi ilikatika kwa sababu, na sababu bado inaweza kuwa imo humo ndani.

Kitu kinachoamua bei ya SX-780 ni zile paki za kutolea sauti, STK-0050, yaani vipande vyenye saketi ya kukuza sauti ndani yake, zimefungwa kwenye hitsinki, lile bati la kupoza joto. Badala ya transista kubwa za kawaida Pioneer hapa waliweka hizi paki za Sanyo, na Sanyo hawazitengenezi tena. Mtandaoni zimejaa feki, zimechapwa jina lilelile, ndani hamna kitu cha maana, ukiweka zinaungua au zinaondoka na spika zako. Kwahiyo nenda na spika ndogo usiyoihurumia na simu yenye muziki, washa, subiri sekunde chache usikie "tak", hiyo ni rilei ya ulinzi inaunganisha spika baada ya kuhakikisha hakuna volti mbaya inayotoka. Isipolia, kuna tatizo ndani, na bei ishuke sana au uondoke. Ikilia sikiliza kulia na kushoto, kila upande peke yake. Volyumu kukwaruza, upande mmoja kupotea na kurudi ukigusa swichi, taa za mbele kufa, hayo yote ni uchafu na uzee, yanatibika kwa hela ndogo, tumia kama sababu ya kupunguziwa.

La volti watu wengi wanaliwa hapa. Geuza nyuma usome. Za Marekani ni 120, za ndani ya Japani ni 100, ukichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu umemaliza kazi. Za Ulaya ziko sawa, na kuna zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingi zina kichaguzi cha volti nyuma. Halafu risiva yoyote ya soko la ndani la Japani FM yake ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, kama redio za magari yetu ya Japani, kwahiyo hata ukinunua transfoma ya kushusha umeme bado stesheni nyingi hutazipata. Mimi za Japani ya ndani nazipita tu.

Kuifufua nilimpa mzee mmoja fundi redio, wa zamani kweli, wa enzi za kurekebisha redio za National na Philips, simtaji maana hapendi wageni wengi ila kazi yake naiheshimu mno. Alianza na brashi na blowa, halafu akaiwasha kupitia balbu ya siriz, ile balbu ya kawaida ya wati 100 ya nyuzi unaiunga kwenye njia ya umeme kabla ya mashine. Kama ndani kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu na mashine inasalimika, kama ni nzima balbu inawaka mara moja halafu inafifia. Yetu ilififia, mzee akatingisha kichwa tu akaendelea. Akapulizia kontakti klina, ile dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ndani ya kila poti (zile za kuzungusha kama volyumu) na kila swichi, akawa anazungusha kila kitufe huku na huku muda mrefu, na akanikataza kabisa habari ya kupulizia mafuta ya bawaba maana yanaacha utelezi unaokamata vumbi. Akabadilisha kapasita ndogo za kwenye pawasaplai, mbili zilikuwa zimevimba kichwani, zile kubwa za kuchujia umeme alizipima akaziacha. Fyuzi za saizi yake sahihi. Mwisho akapima DC, ile volti mbaya niliyoitaja kwenye rilei, kwenye tundu za spika, upande mmoja milivolti 12 na mwingine 18, na chini ya 50 hapo uko salama.

Taa niliomba aweke za LED zenye rangi ya joto, ile ya njano njano, sio nyeupe ya dukani. Hapa niko mkali kidogo, ukiweka LED nyeupe kali kwenye Pioneer umeiharibu sura, wale jamaa waliibuni iwake kama mkaa. Ukizima taa za sebuleni unabaki na ile dayo ndefu, kioo chenye namba za stesheni, na mita, inatosha kabisa.

FM yake aisee. Kile kitufe cha kuzungusha cha kutafutia stesheni kina uzito nyuma yake, ukikisukuma mara moja mshale unakimbia dayo nzima wenyewe kwa ulaini, halafu unamalizia kwa kidole ukiangalia sindano ya tuning ikae katikati. Nimefunga eriali ya waya tu ukutani, stesheni za Dar zinaingia safi, taa ya stereo inawaka. AM kwangu ni mngurumo mtupu, chaja za simu na taa za LED za majirani zimeimaliza, sio kosa la redio.

Simu naiunganisha kwa kidude cha bluetooth kwenye Aux kwa waya za RCA nyekundu na nyeupe. Usichomeke kwenye Phono, hiyo ni ya santuri tu, inakuza sauti mara nyingi zaidi na utasikia mkwaruzo mbaya. Santuri zenyewe nimeanza kuokota moja moja, Phono ya hii iko vizuri sana, kimya.

Mabaya yake: nzito, zaidi ya kilo 10, inakula meza nzima, haina rimoti, na inapata joto kwahiyo juu yake usiweke king'amuzi wala kitambaa cha mama. Na kama wewe ni mtu wa kuona mbele pazuri kuliko sauti, Marantz za kipindi kile zenye mwanga wa bluu zinapendeza zaidi, lakini bei zake siku hizi zimepaa na kwa hela ileile napata Pioneer, fundi na spika.

Spika ndo la mwisho. Ina A na B, unaweza kufunga jozi mbili, moja sebuleni moja barazani. Ukitaka kuziwasha zote pamoja hakikisha kila spika ni omu 8, maana zikiungana risiva inaona omu 4 na hapo ndo mpaka wake. Ukichanganya za omu 4 zile paki zinaweza kuungua, na nimeshasema kupata nyingine za kweli ilivyo kazi.