Fundi wa injini za boti pale Feri, Mtwara

Kama una injini ya zamani, zile za kuchanganya petroli na oili, inawaka fresh halafu mwendo ukikolea inakata, mpelekee huyu jamaa. Hakimbilii kufungua kabureta kama wengine ili bili inenepe. Anaanza na lile pira la kupampu mafuta kwa mkono, lililo kwenye paipu ya kutoka tenki, likinywea lisirudi basi tundu la hewa kwenye tenki limefungwa au njia ya mafuta imeziba huko nyuma, upande wa tenki, lisipokaza kuna sehemu inavuta hewa. Yangu ilikuwa oringi, kile kipete cha mpira, ya konekta ya paipu ya mafuta imepasuka, kabadilisha, filta kaimwagia kwenye chupa nyeupe tukaona maji yametulia chini, petroli juu, loh! Bei poa. Ila simu hapokei kabisa, na Ijumaa mchana usijisumbue.