Viungo vya unga au chumvi yenye ladha: kipi utangulie kununua?

Kitunguu saumu cha unga na chumvi ya kitunguu saumu hukaa bega kwa bega rafuni, na kwa haraka haraka huwezi kuvitofautisha. Rangi inakaribiana, chupa ni zilezile, picha ya kitunguu saumu ipo kwenye zote mbili. Ila ya kwanza ni kitunguu saumu kilichokaushwa na kusagwa, basi. Ya pili, kwa kawaida, ni sehemu tatu za chumvi kwa sehemu moja ya kitunguu saumu. Yaani robo tatu ya ulicholipia tayari unacho jikoni, tena ulikipata kwa bei ya chumvi ya kawaida.

Hivi ndivyo ninavyozipanga, kuanzia ile ya kutangulia kapuni.

1. Kiungo kimoja cha unga, bila chumvi

Kitunguu saumu, kitunguu maji, tangawizi, paprika (pilipili nyekundu isiyo kali iliyosagwa), binzari nyembamba. Watu huvisifia kwa ajili ya afya, lakini mimi navipendea uhuru. Mchuzi ukiwa umepooza, unaongeza kitunguu saumu mpaka kikolee, na chumvi inabaki palepale ulipoiacha. Jaribu hivyo kwa chumvi ya kitunguu saumu uone: sufuria itashindikana kulika kabla harufu haijasikika.

Unga wa kitunguu saumu una ukorofi wake. Ukiutupa kwenye mafuta ya moto, huungua upesi na kuwa mchungu. Uchanganye kwanza na maji kiasi kilekile, uuache dakika chache, ndipo uutie. Maji huamsha kimeng'enya kinacholeta ule ukali wa kitunguu saumu, na kimeng'enya hicho hakipatani na moto mkali wala siki. Kwa hiyo maji kwanza, ndimu baadaye.

Nunua chupa ndogo. Kiungo kikishasagwa harufu yake huondoka haraka kuliko kikiwa kizima, kwa hiyo kopo kubwa la bei nafuu ni hasara inayojificha. Tikisa chupa kabla ya kulipa: madonge maana yake unyevu umeingia. Paprika iliyogeuka kahawia irudishe rafuni.

2. Mchanganyiko wa viungo usio na chumvi

Huu ni mzuri kwa asiyetaka kununua chupa nane. Geuza pakiti usome viambato, ambavyo kwa kawaida hutajwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi. Chumvi ikiwa ya kwanza, hiyo ni chumvi yenye ladha, hata kama mbele wameandika "viungo" kwa herufi kubwa.

3. Chumvi yenye ladha

Siichukii. Mahali pake ni mezani: yai la kuchemsha, viazi vya kukaanga, nyanya mbichi, vitu unavyonyunyizia mara moja na kula. Chumvi ya kitunguu saumu au ya pilipili unaweza kuichanganya mwenyewe, vijiko vitatu kwa kimoja. Ninayoona inastahili kununuliwa ni chumvi ya moshi, kwa sababu ladha ile huipati nyumbani bila kuwasha kuni.

Shida huja mtu anapobadilisha moja kwa nyingine. Maelekezo yakitaka kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya kitunguu saumu nawe una unga, tia robo kijiko cha unga na robo tatu ya chumvi, kazi imekwisha. Kinyume chake hakiwezekani. Kupata kijiko kimoja cha unga utahitaji vijiko vinne vya chumvi ile, na vitatu kati yake ni chumvi tupu. Kijiko cha chai cha chumvi ni karibu gramu 6, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku nzima.

4. Unga wa supu na vipande vya mchemraba

Mara nyingi chumvi ndiyo inayoongoza humo, ikifuatiwa na wanga, mafuta na E621. Hiyo E621 ndiyo glutamati, kikoleza ladha ambacho mwanakemia Kikunae Ikeda alikitambua mwaka 1908 huko Japani, na siyo sababu ya mimi kuviweka mwisho. Sodiamu yake ni takriban asilimia 12, wakati ya chumvi ni karibu asilimia 39. Nimeviweka mwisho kwa sababu kila chungu kinaishia kuwa na ladha moja. Ukivitumia, usitie chumvi mpaka umeonja.

Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Na chupa yoyote utakayochagua, usiitikisie juu ya sufuria inayofuka mvuke. Mimina kwanza kwenye kijiko, la sivyo wiki ijayo utakuwa unachokonoa madonge kwa ncha ya kisu.