Matembezi ya kutazama vyuma vya zamani Mji Mkongwe, Unguja: uzoefu wangu

Nilikodi mwongozaji pale Forodhani, saa mbili kwa shilingi elfu arobaini baada ya kupatana. Si papasi, wale wanaowafuata wageni mitaani bila kibali; kitambulisho anacho. Nikamwambia mapema: kaka, milango na njumu zake nimeshapiga picha mpaka simu imejaa, leo nataka vyuma. Akacheka, "Haya, twende."

Mwanzo alinifaa sana. Pale Mizingani kuna dispensari kongwe aliyoianzisha Tharia Topan mwaka 1887. Miaka yote nilidhani nakshi za roshani zake ni chuma. Kumbe mbao! Rangi inadanganya ukiwa chini.

Chuma chenyewe kiko Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883: nguzo nyembamba za kusubu, yaani za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa, zilizobeba baraza ghorofa hadi ghorofa. Sehemu ya jumba iliporomoka 25 Desemba 2020, na siku niliyokwenda nilitazama nikiwa nje ya uzio. Ukizoea kuzihesabu nguzo zile, pengo linauma.

Kilichostahili pesa yangu ni dirisha moja Shangani, kichochoro ambacho watu wawili mnapishana kwa bega. Mwongozaji alinionyesha namna ya kutofautisha. Chuma cha kusubu kimetoka kwenye kalibu, chombo cha kukipa umbo, kwa hiyo ua la kwanza na la kumi ni mapacha, na pembeni utaona mstari mwembamba pale kalibu ilipokutana. Cha kufua, kilichopigwa nyundo kwa mkono, hakifanani hivyo. Lile dirisha lilikuwa na mikunjo kama ya samaki mkunga, kila mmoja umepinda kivyake, umefungwa kwa kipete cha chuma, na alama za nyundo unazipapasa kwa kidole chini ya rangi ya kijani iliyopakwa juu ya rangi nyingine. Chini kabisa, chumvi ya bahari imeshakula ncha.

Basi hapo ndipo utamu ulipoishia. Dakika arobaini zilizobaki tulizimaliza kwenye maduka mawili ya viungo, "ya ndugu yangu", wakati mimi karafuu ninazo nyumbani. Nilipolalamika akasema vyuma vimekwisha. Vimekwisha wapi, na mtaa wa Hurumzi hatujafika?

Nampa nyota tatu. Ukienda, kataa maduka kabla hujatoa pesa, na Mizingani iache mpaka baada ya alasiri: jua linakuwa upande wa baharini na kila nakshi inatoa kivuli chake ukutani.