Fiziotherapia uzeeni: uzoefu wangu na mtaalamu aliyekataa kuniinua

Nilienda kwenye fiziotherapia kwa sababu ambayo watu wa rika langu hawapendi kuisema: nilikuwa siwezi kuinuka chooni. Mwanaume wa miaka 73, nimeendesha malori tangu ujana hadi nastaafu, halafu nakaa pale namwita mwanangu aje anishike kwapa. Goti nalo lilikuwa linauma, lakini maumivu nilishayazoea. Lililonitoa nyumbani ni choo. Kwa hiyo huduma hii naipima kwa kigezo hicho, na kwa kigezo hicho naipa alama za juu, ingawa si kila kinachoitwa fiziotherapia kinazistahili.

Chanzo kilikuwa homa ya mapafu. Nililazwa, nikarudi nyumbani kifua kimepona na miguu imekwisha. Nilielezwa baadaye kwamba mzee akilala kitandani hata siku 10 tu, nyama ya miguu hupungua kiasi cha kupimika, na huipoteza haraka kuliko kijana huku akiirudisha kwa taabu zaidi. Tena ilikuwa imeshaanza kuondoka kimya kimya zamani, maana kuanzia miaka ya thelathini mwili hupunguza misuli kila muongo, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Ugonjwa ulikuja kumalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Mahali pa kwanza nilipopelekwa sitapataja. Nilikuwa nalazwa kitandani, goti linawekewa kitu cha moto, kisha mashine ya umeme inayotekenya ngozi, kisha nakandwa kandwa kidogo, naambiwa pole mzee, tuonane wiki ijayo. Kusema kweli ilikuwa raha. Nilikuwa nalala usingizi mule ndani. Maumivu yalipungua kwa saa kadhaa, jambo ambalo si la kudharau, lakini hakuna aliyewahi kuniambia niinuke kwenye kiti anione. Hakuna aliyepima chochote. Nilikuwa naingia nimeshikwa mkono na kutoka nimeshikwa mkono. Joto na umeme vinatuliza, ila msuli haujengwi kwa kulala chali.

Niliondoka nikaenda kwingine, na hapo ndipo tathmini yangu inapoanzia hasa.

Mtaalamu wa pili ni binti wa umri wa mjukuu wangu, mpole wa maneno na mkaidi wa vitendo. Siku ya kwanza hakunigusa mpaka alipomaliza maswali. Kitanda changu kina urefu gani? Usiku naenda chooni mara ngapi, na taa iko wapi? Nimewahi kuanguka? Natumia dawa zipi? Nikisimama ghafla naona kizunguzungu? Akanipima presha nimelala, kisha nimesimama, akasubiri dakika chache akapima tena. Alinieleza kuwa ile namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, hiyo peke yake inatosha kumwangusha, na mazoezi hayatamsaidia kabla daktari hajaangalia dawa zake. Yangu haikushuka. Hata hivyo alinipa sharti ninalolifuata hadi leo: kabla ya kutoka kitandani nakaa ukingoni kwanza, nachezesha vifundo vya miguu juu chini, ndipo nasimama.

Kisha vikaja vipimo, na ninavieleza kwa sababu mtu yeyote anaweza kuomba afanyiwe. Cha kwanza ni kiti. Unakaa, unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa kwa sekunde 30, wanahesabu umesimama mara ngapi. Mwanaume wa miaka 70 hadi 74 anatarajiwa afike angalau 12, mwanamke wa umri huo 10. Mimi bila mikono sikusimama hata mara moja. Cha pili unaanzia umekaa, unainuka, unatembea mita tatu, unageuka, unarudi, unakaa. Ukitumia sekunde 12 au zaidi, unahesabiwa uko kwenye hatari ya kuanguka. Mimi nilitumia 19, na nilikuwa nimejikakamua. Cha tatu ni kusimama: miguu sambamba, kisha mmoja mbele kidogo, kisha kisigino cha mmoja kigusane na vidole vya mwingine kwenye mstari mmoja, mwishowe mguu mmoja. Ule mkao wa mstari mmoja usipoweza kuushikilia sekunde 10, kuna kazi ya kufanya. Nilikuwa na kazi.

Aliandika yote kwenye daftari, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia choo. Hakucheka. Akasema, "Basi mzee, hilo ndilo tutakalolifanyia mazoezi."

Watu wengi hudhani kuinuka kwenye kiti hakuhitaji kufundishwa. Kuna ufundi. Unasogea kwanza hadi makalio yawe karibu na ukingo. Unarudisha miguu nyuma, visigino viingie chini ya magoti au nyuma yake kidogo, viachane upana wa nyonga. Halafu unainama mbele kwa ujasiri mpaka pua ivuke vidole vya miguu, na hapo ndipo wazee wengi tunapogoma, kwa sababu tunaogopa kudondoka kifudifudi. Tukiogopa tunasukuma huku mgongo umeegemea nyuma, na uzito wote unabaki kwenye kiti. Ukiinama vizuri unasikia kabisa makalio yanakuwa mepesi yenyewe, kisha unasukuma sakafu kwa visigino. Kushuka nako ni zoezi: taratibu, bila kujitupa, kwa sababu msuli unaokuzuia usijitupe ndio uleule unaokuinua.

Alianza kwa kuongeza mito miwili migumu juu ya kiti ili nisimamie juu zaidi. Nilipozoea akatoa mmoja. Nilipozoea tena akatoa wa pili. Nilipokwama nikamnyooshea mkono kwa mazoea, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo wake. Nilikasirika siku hiyo, nakiri. Alisimama karibu kabisa, hata ningeyumba angenidaka, lakini kuniinua hakukubali. Mwanangu naye akapewa amri hiyohiyo: asimame jirani, mikono asilete mpaka baba aseme. Nadhani kwake ilikuwa ngumu kuliko kwangu. Mtoto anayekupenda anakuharakisha, anakuvua viatu, anakuletea kila kitu ulipokaa, na kwa upendo huohuo anakumalizia miguu.

Mazoezi mengine nayapitia haraka maana hayana siri. Kuinuka kwa vidole huku nimeshika sinki la jikoni, kwa ajili ya vigimbi. Kunyoosha goti nikiwa nimekaa, na kimfuko cha uzito kimefungwa kwenye kifundo cha mguu. Kupanda na kushuka ngazi moja. Kutembea kwa mstari, kisigino mbele ya vidole, ukuta uko jirani. Mpango wa aina hii, wa uzito kwenye vifundo vya miguu na mazoezi ya kutoyumba, uliwahi kutengenezwa New Zealand mahsusi kwa wazee wa kufanyia nyumbani, unaitwa Otago, na wataalamu wengi duniani wanaufuata au kuuchukua vipande. Shirika la Afya Duniani nalo katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku tatu au zaidi kwa wiki. Kutembea peke yake, ambako ndiko tunakoshauriwa kila siku, hakutoshi. Mimi nilikuwa mtembeaji mzuri tu kabla ya kuugua, na bado mapaja yaliniangusha.

Nilimuuliza binti kama umri wangu bado unaruhusu misuli kukua. Akanisimulia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990, ambapo wazee wachache dhaifu wa makao ya wazee, wastani wao miaka 90, walinyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane, na nguvu za mapaja zao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Sikuwa na hoja nyingine.

Lakini ili hilo litokee, zoezi lazima liwe gumu kiasi. Zoezi ambalo ungeweza kuliendeleza hadi jioni ukipiga soga halikuongezei nguvu. Yeye alikuwa akinifikisha mahali ambapo marudio mawili matatu ya mwisho yanatetemesha mapaja, kisha tunapumzika. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi alikuwa anakubali, mradi maumivu yawe yametulia kabla ya kesho yake muda kama huo. Yasipotulia tunapunguza, hatuachi. Kwa mtu mwenye goti lililosagika kanuni hii ni dhahabu, kwa sababu hofu yetu wote ni kwamba tukitumia goti tunalimaliza, kumbe mazoezi ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa kwa tatizo hilo.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha sakafuni. Alitandika mkeka akaniambia nilale, kisha nitafute njia ya kusimama. Mzee akianguka, linaloweza kumuumiza zaidi ni kubaki pale chini saa nyingi hana wa kumwinua, hata kama hakuvunjika kitu. Tulipasua kazi hiyo vipande vipande: tulia kwanza, jikague kama kuna mfupa ulioumia, geuka ubavu, jisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka ukae, ingia kwenye magoti na viganja, tambaa hadi kwenye kiti kizito, weka viganja juu ya kiti, leta mbele mguu wenye nguvu, unyayo uguse sakafu, sukuma, kisha zungusha makalio ukae. Magoti yangu yaliwekewa mto na bado yalilalamika. Ila tangu siku hiyo hofu ya kuanguka imepungua, na nimegundua natembea nikiangalia mbele, siangalii tena miguu.

Mkongojo nao ulipata somo lake. Unashikwa mkono wa upande ulio kinyume na mguu unaouma, ingawa nje huko naona wengi wameushika upande uleule. Urefu wake: simama wima, mikono ikining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono pale kiganja kinapoanzia. Ngazi unapanda kwa mguu mzima kwanza, unashuka kwa mguu mbovu kwanza pamoja na mkongojo.

Sasa kasoro. Kwanza inachosha akili. Kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, huku ukuta unakutazama. Kazi kubwa inafanyika nyumbani bila mtu wa kukusifu, na anayetegemea vipindi vya kliniki peke yake atalipa sana apate kidogo. Pili, karatasi ya mazoezi niliyopewa ilikuwa na maandishi madogo kama ya kwenye kopo la dawa ya mbu, na picha za vijana wenye vifua. Mwanangu aliniandikia upya kwa kalamu nene. Tatu, vipindi vya kuonana kwa simu ya video vilikuwa vya ovyo kwa mazoezi ya kutoyumba, kwa sababu hakuna wa kukudaka. Vilifaa kwa kuulizana maswali tu. Na madarasa ya kikundi, ambayo nilijiunga nayo baadaye, yanaondoa ule uchovu, ila mwalimu mmoja hawezi kuona visigino vya watu wote.

Matokeo, bila kutia chumvi: baada ya miezi kadhaa nainuka chooni peke yangu, mikono kwenye mapaja siku mbaya, bila mikono siku nzuri. Zile mita tatu za kwenda na kurudi nimezifikisha sekunde 13, yaani bado niko upande wa hatari, na binti hakunificha. Kuchuchumaa siwezi na huenda sitaweza tena. Goti limesagika kama lilivyokuwa, limebadilika tu lile lililolizunguka. Nilipougua mafua makali nikapumzika, nguvu zilianza kuondoka upesi kuliko nilivyotarajia, hivyo usiingie ukitegemea kumaliza kozi ukafunga daftari.

Nani nisingempeleka moja kwa moja? Mwenye maumivu ya kifua akijitahidi, mwenye kigimbi kimoja kilichovimba ghafla na kuuma, mwenye udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili. Hao ni wa daktari, na ni wa leo hii, si kesho, hasa huyo wa mwisho.

Kwa wengine, kabla hujalipia mfululizo wa vipindi muulize mtaalamu mambo haya: utanipima kwa kipimo gani leo, na lini utarudia? Nyumbani nifanye nini, na nikiweza hicho utaongeza nini? Niliyemuuliza mahali pa kwanza alinijibu kwamba tutaangalia mashine inavyosaidia. Huyu wa pili alivuta kiti, akatoa saa.